Kitanda cha Mama Mkwe

Abasi hakuwa fundi, na Bigwa nzima, pale Morogoro, ililijua hilo kabla yeye mwenyewe hajalikubali. Alikuwa mtunza stoo mstaafu wa kiwandani Mzinga, mtu wa miaka sitini na moja. Kiinua mgongo kilipotoka akanunua randa, misumeno miwili, seti ya patasi na drili ya umeme, kisha akaegemeza simu kwenye ndoo uani na kuanza kumtazama Mzungu mmoja aliyekuwa akitengeneza makabati gerejini kwake. Mzungu yule alikuwa na mashine za kila namna. Abasi alikuwa na meza ya kuazima na moyo.

Matunda ya moyo huo yalijaa ndani ya nyumba. Kulikuwa na stuli iliyochechemea, na kabati la vyombo ambalo mlango wake ulifunguka wenyewe kila lori likipita barabarani. Kulikuwa na kimeza cha runinga kilichoinamia mbele, kiasi kwamba msoma taarifa ya habari alionekana kama anataka kuwaangukia watazamaji. Wageni wakicheka, mkewe Sabra alikuwa akiwaambia wamwache mume wake, maana wengine wakistaafu wanahamia kwenye pombe. Kwa Abasi maneno hayo yalikuwa zaidi ya cheti, na kesho yake ungemkuta uani tena, penseli sikioni, anapima.

Sasa kulikuwa na kitanda, na hicho hakikuwa cha Abasi kukigusa.

Kilikuwa cha mninga mtupu, na Sabra alikuja nacho. Sabra ni mtoto wa Kinole, huko juu Uluguru, na kwao ukoo unakwenda kwa mama. Shamba ni la upande wa mama, watoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Alipoposwa, mama yake aliuza ndizi na mdalasini misimu miwili mfululizo, akamwita fundi, akasema binti yake haendi kulala kitanda cha kuonewa huruma. Kitanda kilishuka mlimani vipande vipande vichwani mwa vijana wa ukoo, kikaungwa Bigwa, kikakaa hapo miaka thelathini na minne. Mtoto wao mmoja, Hidaya, alizaliwa juu yake kwa sababu mvua ilikata njia ya hospitali. Mama mkwe mwenyewe, kila akishuka kuwatembelea, alikuwa akikipapasa kwanza kitanda ndipo anawasalimia watu.

Basi mwezi wa pili mama mkwe akafariki. Sabra akapanda Kinole kwenye msiba, akakaa huko hadi arobaini. Bahati mbaya ni kwamba wiki moja kabla ya msiba alikuwa amesema neno. Alijigeuza alfajiri, mbavu za kitanda zikalia, akasema, "Nacho kimezeeka, siku hizi kinalia kuliko mimi." Alisema tu, kama mtu anavyosema mvua imechelewa. Abasi akaliweka moyoni.

Mwanamume mwenye msumeno, umwache peke yake siku arobaini! Na tusimwonee, alikuwa anampenda mkewe. Alikuwa akilala peke yake juu ya kitanda kile, kinalia, naye anawaza jinsi Sabra atakavyoshuka mlimani na huzuni yake, ajilaze, akute kitanda kimya, na ajue kuna mtu alikuwa anamfikiria. Hakumwambia mtu. Siku ya ishirini na tatu akakifungua.

Kilio kilitoka kwenye ndimi, zile ncha za mbavu zinazoingia kwenye miguu na kushika. Zilikuwa zimelika. Abasi akazikata zote ili achonge mpya, na hapo ndipo aliposahau jambo ambalo hata mtoto wa fundi analijua, kwamba ulimi mpya unachongwa kutoka kwenye urefu uleule wa ubao. Mbavu zikawa fupi, godoro likakataa kuingia. Akahamia kwenye miguu. Mmoja ulionekana mrefu, akaupunguza, ukawa mfupi, akapunguza mingine mitatu iufuate, naye akapitiliza. Alipokuja kushtuka, kitanda kilichokuwa kinamfika mtu mapajani kilikuwa kinamfika chini ya goti. Akajaribu kukikaza kichwa cha kitanda kwa skrubu ndefu, drili ikakipasua kutoka juu mpaka chini. Abasi akakaa kwenye maranda, jasho linamtoka, akatamani sana kumpigia mtu simu, akakosa wa kumpigia.

Sabra alirudi siku ya arobaini na mbili, saa nne asubuhi. Aliingia chumbani, akatoka, akazunguka uani, akaliinua turubai lililofunika vipande vya kitanda. Abasi alikuwa ameandaa maelezo marefu, lakini Sabra alimtangulia.

"Nani alikutuma?" Sabra aliuliza.

"Ulisema kinalia."

"Nilisema kinalia. Sikusema nimekichoka."

Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliinama akaokota vile vijipande vya ndimi vilivyokatwa, kimoja kimoja, akavifunga kwenye pindo la kanga aliyojitanda kama mtu anayeokota hela zilizomwagika. Dereva wa bajaji aliyemleta alikuwa bado yuko nje anatafuta chenji. Sabra alipanda bajaji hiyohiyo na mkoba wake uleule, akarudi kwao.

Abasi alivumilia wiki moja, kisha akapanda Kinole na kilo tano za sukari na majani ya chai. Mjomba wa Sabra, Mzee Mansuri, aliipokea shikamoo yake vizuri, akamweka barazani, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Sabra alikuwa ndani. Abasi alisikia kikohozi chake, na kusikia kikohozi tu kulimuuma. Mzee Mansuri alipoona mkwe amemaliza, alisema maneno machache.

"Bwana Abasi, mtoto wetu hajakataa ndoa. Amekataa kulala chini kwenye nyumba ambayo mama yake alipeleka kitanda. Kitanda kile ndicho mama yake aliyebaki naye huko kwako. Kirudishe. Jumamosi ya pili baada ya Idi ya kuchinja nitashuka naye. Tukikikuta, namwacha. Tusipokikuta, usije tena kunisumbua na sukari."

Haya, Abasi akashuka mlima na tarehe kichwani. Zilibaki wiki tisa.

Aliyemwokoa, au tuseme aliyekaribia kumwokoa, alikuwa Amosi, fundi seremala mwenye kibanda chake barabarani. Amosi alikuwa Mnyiramba wa Singida, mtu wa kanisani, mpole, ambaye kwa miaka mitatu alimwona Abasi akipita na mbao begani na kila mara alijizuia kusema. Siku hiyo alikuja mwenyewe uani, akalifunua turubai, akavua kofia. Akasema Abasi alete vipande vyote kibandani, yeye atavishughulikia, hata ujira hataki. Abasi akakataa. Alisema aliyekivunja ni yeye, na kama kitanda kitarudishwa na mkono wa mtu mwingine, basi Sabra atakuwa amerudi kwa Amosi. Amosi alicheka kidogo, akaona mwenzake hachekeshwi, akaacha. Wakakubaliana kwamba atakuwa akipita kila jioni akitoka kazini, asimame pembeni, aelekeze, na mkono uwe wa Abasi.

Ndipo Abasi alipoanza kujifunza, mtu mzima yule, kama mtoto wa darasa la kwanza. Alijifunza kupima, kuweka penseli chini, kunywa maji, kisha kupima tena. Alijifunza kunoa patasi mpaka inyoe vinyweleo vya mkono, na kuitumia randa kufuata ubao unakotaka. Amosi alimletea mabaki ya mninga aliyokuwa nayo kibandani. Hayakutosha, mninga siku hizi haupatikani hovyo, kwa hiyo miguu na ncha za mbavu ziliungwa kwa mtiki uliokauka vizuri, na ufa wa kichwa cha kitanda ukajazwa gundi ya Amosi na kubanwa. Maungio mawili ya kwanza yalifunguka. La tatu lilishika. Amosi akalipanda kwa miguu yote miwili, akarukaruka, likatulia, na Abasi akageukia ukutani ili asionekane machozi.

Hata hivyo hazikuwa siku nzuri, tusidanganyane. Nyumba ilikuwa imekufa. Alilala kwenye mkeka, akala ugali wa juzi, akajikuta anaongea na kuku. Kila Ijumaa alimpigia Sabra. Sabra alipokea, akamsalimia kwa adabu, akauliza kuku wanaendeleaje, kisha akanyamaza, na ukimya ule wa kwenye simu Abasi aliubeba mpaka Ijumaa nyingine. Hidaya alipiga kutoka Dakawa anakolima mpunga na mumewe, akamwambia baba yake kwamba mama hali vizuri, hazungumzi, na kwamba huko Kinole wanasema akipita mwaka bila kurudi basi watamgawia kishamba chake ajenge. Abasi alijua maana yake. Mwanamke wa Kiluguru akishajenga kwenye ardhi ya mama yake, mume anabaki kuwa mtu wa kusalimiana naye misibani.

Wiki ya tisa kitanda kilisimama. Kilikuwa kinamfika mtu mapajani. Godoro liliingia. Abasi alilala juu yake, akajigeuza kushoto, akajigeuza kulia, akaketi ghafla kwa makusudi, na kitanda hakikutoa sauti. Alibaki amelala pale anaangalia bati, anaogopa kufurahi.

Tatizo lilibaki moja. Mninga ulikuwa mwekundu wa kahawia, umeiva kwa miaka yote ile, na mtiki ulikuwa wa manjano. Kitanda kilikuwa na viraka kama suruali ya kulimia. Amosi alimwambia akipake vanishi isiyo na rangi, basi, yaishe. "Mwache aone kiliposhonwa," alisema. "Si kipofu yule. Akiona umekishona, atajua ulikaa nacho." Abasi akaitikia. Alhamisi Amosi akaitwa msibani Singida, akaaga, akasema vanishi ipo kibandani, achukue.

Ijumaa Abasi alikitazama kitanda asubuhi nzima. Kila kiraka kilimtazama. Alikiona kwa macho ya Sabra, na akaona kwamba kila kiraka kinasema, hapa alikata, na hapa alikata tena. Hakuweza kuvumilia. Alipotoka msikitini alipita kwa mafundi pikipiki, na pale mlangoni kulikuwa na dumu la oili chafu. Nani Morogoro haijui oili chafu? Ndiyo tunayopaka mbao za paa na nguzo za uzio zisiliwe na mchwa, inapendwa kwa sababu ni ya bure na ubao unainywa. Abasi akaomba lita moja. Alijaribu kwanza chini ya mguu, mahali pasipoonekana. Mtiki ukanywa, ukaiva palepale, ukawa mninga.

Akapaka kiraka cha kwanza na cha pili. Kisha, ili rangi ilingane, akapaka kitanda chote, mbavu, miguu, kichwa na vile viguzo vyake. Mbao zilikunywa yeye akiongeza. Akafuta kwa tambara, akarudia kufuta, akakisogeza kitanda dirishani apate kuona vizuri. Ilikuwa kama mtu amemrudisha miezi minne nyuma. Mwenyewe hakuweza tena kuonyesha kiraka kilipo, na hapo alicheka peke yake, kicheko ambacho hakikuwa kimemtoka tangu mwezi wa pili. Vanishi hakuifuata. Harufu ilikuwepo, ndiyo, akafungua madirisha, akachoma ubani. Jumamosi asubuhi alipitisha kidole kwenye ubavu wa kitanda, kikatoka kikavu. Akatandika.

Walifika saa tano, Mzee Mansuri kwa kanzu na fimbo, Sabra nyuma yake, amekonda. Abasi alimpokea mkoba, akashindwa kusema chochote isipokuwa karibuni, karibuni, kama mwenye duka. Mzee Mansuri hakukaa. Aliomba aonyeshwe kitanda kabla ya maji. Akaingia chumbani, akalishika godoro, akakisukuma kitanda kwa goti, akakaa juu yake, akainuka, akakaa tena kwa uzito wote. Kitanda kilinyamaza. Mzee akatazama miguu, akatazama kichwa cha kitanda, akatafuta ufa alioambiwa, hakuuona.

"Kimerudi," alisema, na akatoka kwenda kunawa.

Sabra alibaki mlangoni. Alikitazama muda mrefu. Abasi alisimama pembeni yake, maana neno la mjomba lilikuwa la mjomba tu, na yeye alikuwa anasubiri la huyu. Sabra aliuomba mkoba. Akaufungua, akatoa kitu kilichofungwa kwenye karatasi, akakikunjua. Ilikuwa kanga moja kuukuu, imepauka. Akaitandaza juu ya kichwa cha kitanda, taratibu, akaiweka sawa pande zote mbili, kisha akatoka kwenda jikoni kuangalia mume wake amepika nini.

Mtu hatandazi nguo yake mahali ambapo hakai. Abasi alilielewa hilo.

Walikula. Wali ulikuwa umeshikana, Sabra akautania, akasema umekuwa kama gundi ya Amosi, na Mzee Mansuri akacheka mpaka akapaliwa. Hayo yote Abasi aliyasikia kama mtu anayesimuliwa habari njema za jirani, haamini kwamba ni zake. Jua lilikuwa utosini, bati linapasuka kwa joto, na kule chumbani dirisha lilikuwa wazi na mwanga wote unaangukia kichwa cha kitanda. Mzee alianza kusema maneno ya kuagana, kwamba anamwacha mtoto, kwamba watu wazima wasirudie mambo ya aibu. Adhana ya adhuhuri ikaita. Sabra akaenda chumbani kujiandaa kwa sala.

Alikawia. Abasi akamfuata.

Alikuwa amekaa chini, sakafuni, kanga iko mapajani. Katikati yake, pale ilipopanda juu ya ubao, kulikuwa na mstari mweusi mpana, na kutoka kwenye mstari huo weusi ulikuwa umesambaa pande zote mbili, unaendelea kusambaa. Mbao zilikuwa zimepata joto, zimetoa jasho la oili yote ziliyokunywa, na nguo ile kongwe ya pamba ilikuwa imeivuta. Sabra aliinua pindo puani, akalishusha, akainua pindo jingine, akalishusha. Alikuwa anatafuta kitu.

"Hii ndiyo aliyofia nayo mama," alisema. "Nilikuwa sijaifua."

Abasi alielewa yote kwa mara moja. Miezi minne kanga hiyo ilikaa kwenye karatasi, haikuguswa na maji, kwa sababu harufu ya mtu mwenyewe ilikuwa bado imo, moshi wa kuni na mdalasini na mafuta ya nazi. Alikuwa ameishusha mlimani kuja kuiweka kwenye kitanda cha mama yake. Sasa ilinuka pikipiki.

"Nipe niifue," alisema Abasi. "Inatoka, Sabra. Unaanza na mafuta ya taa, halafu sabuni ya unga, unasugua polepole. Mimi nitaitengeneza."

Mikono yake ilikuwa imeshatangulia kabla maneno hayajaisha. Sabra akaivuta kanga kifuani, akamtazama. Hakukuwa na hasira machoni mwake, Abasi aliitafuta hasira hiyo akaikosa, na kuikosa ndiko kulikomtisha.

"Usiiguse, Abasi," alisema kwa upole. "Nakuomba. Usiguse tena kitu changu chochote."

Mzee Mansuri alikuwa amesimama mlangoni. Aliisikia harufu, akaja akapitisha kidole kwenye kichwa cha kitanda, akakitazama kidole. Kisha akamwambia Sabra achukue mkoba wake. Alimpita mkwe wake kama unavyompita mtu aliyefiwa ambaye humjui vizuri.

Abasi aliwasindikiza mpaka barabarani. Alitaka kumpokea mkoba, mkono ukaanza kwenda, akaurudisha. Bajaji ilisimama. Sabra aliingia, ameikumbatia kanga, weusi umeshapita kwenye nguo yake ya kifuani, naye hajauona. Abasi aliuona na hakusema. Bajaji ikaondoka kuelekea upande wa mlimani, naye akabaki ukingoni mwa barabara, mikono ameishikanisha nyuma ya mgongo, hakuipunga.